Mlango wa gereji umegoma kufunguka, gari limo ndani na alfajiri nalihitaji. Naombeni ushauri

Kisiki_Mvua
Wakuu, habari za usiku. Nina mlango wa gereji hapa nyumbani, ule wa vipande vipande unaopanda kwenye reli na kulala juu chini ya dari. Unaendeshwa na mota. Leo jioni umegoma. Nikibonyeza rimoti mota inaunguruma, mlango unanyanyuka kama upana wa kiganja, unasimama, taa ya mota inaanza kupepesa. Nimebadilisha betri ya rimoti, nimejaribu swichi ya ukutani, hali ni ile ile. Umeme upo. Saa kumi na moja alfajiri lazima nimtoe mama hapa kwenda hospitali. Nimechanganyikiwa kwa kweli, mwenye kujua anisaidie.

Mama Pacha
Pole sana mwanangu. Angalia vile vijicho viwili vya chini karibu na sakafu, vinavyotazamana. Wangu ulinitesa wiki nzima, kumbe buibui katanda utando kwenye kimoja. Nilifuta kwa kitambaa kikavu, ukakubali. Mara ya pili wanangu walikuwa wanacheza mpira humo ndani, wakakigonga kimoja kikatazama pembeni. Niliwafokea mpaka leo nikikumbuka naona vibaya, maana wenyewe hawakujua hata kile kidude ni cha nini.

Nahodha Mstaafu
Mimi nina mlango wa mbao, mabawa mawili, bawaba sita na komeo. Nautia mafuta mara mbili kwa mwaka. Watu tumekubali kufungiwa ndani na mashine za kutufungulia milango, halafu tunaombana ushauri usiku wa manane.

Kisiki_Mvua
Nahodha, asante, ila mlango nilionao ndio huu. Mama Pacha, vijicho nimevifuta, taa zake zinawaka vizuri.

Fundi Reli
Mama Pacha, vile vijicho vinazuia mlango kushuka, usimkandamize mtoto au paka. Kupanda havizuii. Kwa hiyo tuviache.

Kisiki, kwanza acha kubonyeza hiyo rimoti. Watu wengi wanadhani mota ndiyo inayobeba mlango. Sivyo. Mlango wa gari moja unaweza kuwa na kilo 70, wa magari mawili ukapita 100, na uzito huo unabebwa na springi. Mota inasukuma kidogo tu. Springi ikifa, mota inausikia uzito wote, inajaribu, inakata tamaa na kusimama. Ukiilazimisha utasaga gia zake, nyingi ni za plastiki.

Sasa nijibu mawili. Ukivuta ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli ya mota na kuunyanyua mlango kwa mkono, unakuwaje? Na je, umesikia mlio wowote mkubwa siku hizi mbili?

Kisiki_Mvua
Kamba nimeivuta, mlango ulikuwa umefungwa kabisa. Kuunyanyua peke yangu siwezi, ni kama umemiminiwa zege. Labda roli zimekauka? Nina grisi hapa. Nikipaka reli zote utalainika?

Fundi Reli
Hapana, grisi kwenye reli itakusanya vumbi tu. Mlio hujajibu.

Jicho_la_Tai
Nami nimeona. Ameuliza la grisi, la mlio ameliruka.

Kisiki_Mvua
Sawa. Jana usiku, tumeshalala, ulipiga mshindo gereji kama bunduki. Nikadhani kuna kitu kimedondoka. Jioni ya leo mlango ulipogoma nikatazama juu: springi imeachana katikati, pengo linaingia vidole vitatu.

Sikusema kwa sababu nilijua mtaniambia niite fundi, na fundi wa saa tano usiku simpati. Aliyefunga mlango aliniachia springi moja ya akiba. Nina spana, nina nondo mbili za kukazia, na video nimeiangalia mara tatu. Siyo kwamba nimekurupuka. Naomba tu kujua inakazwa mizunguko mingapi.

Fundi Reli
Sikupi hiyo namba. Siyo uchoyo. Mlango wa kawaida wa mita 2 na kidogo springi yake inazungushwa zaidi ya mara saba, na kila robo ya mzunguko umeishika kwa mikono yako. Nondo ikichomoka kwenye tundu inarudi na nguvu yote hiyo usoni. Nondo za ujenzi hazienei sawasawa kwenye tundu zile, zina chuma maalumu zinazoenea.

Na springi ya akiba: ni ya kushoto au ya kulia? Hazibadilishani. Waya una unene gani, springi ina urefu gani? Ikikosea mlango utarushwa juu au utadondoka.

Bi Subira wa Pili
Shemeji yangu alikuwa fundi seremala. Siku moja akasaidia rafiki mlango kama huo. Nondo ikateleza. Vidole viwili vya mkono wa kulia, hapo hapo. Aliendelea na useremala lakini randa hakuishika tena kama zamani, alikuwa anasimama anawaelekeza vijana. Nikisoma neno nondo hapa moyo unanienda mbio.

Nahodha Mstaafu
Mwenye mama mgonjwa anahitaji mikono miwili zaidi ya anavyohitaji gari. Tafuta usafiri mwingine kijana.

Kisiki_Mvua
Nahodha, mama hawezi kukaa gari lolote. Kiti cha letu kinalala, mgongo wake unakaa sawa. Mnaongea kama sijafikiria. Nimefikiria. Mdogo wangu yupo, ananisaidia, kazi tumeshaianza taratibu.

Jicho_la_Tai
Wakuu, mimi naona hii ni chai. Mshindo jana usiku, mlango umegoma leo jioni. Mchana kutwa gari lilitokaje? Pili, Fundi kasema springi ikifa mota haiwezi uzito wote, mbona mlango unanyanyuka kiganja kizima? Mara roli, mara grisi, mara mama, mara mdogo mtu. Uzi hauna picha hata moja. Mtu anatuchotea huruma usiku.

Kandili
Hata mimi nilianza kujiuliza. Akaunti ina siku mbili.

Mama Pacha
Jamani, kama ni uongo tumepoteza dakika chache. Kama ni kweli je?

Kisiki_Mvua
Nimejiunga juzi kwa ajili ya kuuliza habari za mgongo wa mama, uzi ule bado upo, kautafute. Gari leo halikutoka, nilishinda nyumbani namuuguza. Na mlango unanyanyuka kiganja kwa sababu springi ziko mbili, moja kila upande wa kile chuma cha katikati. Imekatika ya kushoto. Ya kulia nzima. Picha hiyo hapo, nimepiga sasa hivi, mdogo wangu yuko juu ya ngazi ananimulikia.

[picha]

Fundi Reli
Kisiki, mshushe huyo kijana. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Springi ya kulia bado imejaa. Iliyokatika imeshatoa nguvu yake yote, haina madhara tena. Hiyo nzima ndiyo ya kuogopa. Na kwenye picha yako, kichwa chake kina skrubu mbili za kubana mhimili, moja imetoka nje karibu yote. Nani kailegeza?

Jicho_la_Tai
Nimekuza picha. Kweli imetoka. Na kichwa cha kijana kiko usawa wa springi.

Bi Subira wa Pili
Kisiki?

Mama Pacha
Mwanangu, tujibu.

Fundi Reli
Usiikaze tena. Usiguse ya pili. Mlango msiunyanyue hata mkiwa watu wanne. Kwa kawaida ningekwambia watu wanne wanaweza, mkatia magogo chini, gari likatoka. Kwa skrubu moja, hapana.

Nahodha Mstaafu
Dakika kumi na mbili sasa.

Kisiki_Mvua
Ameshuka. Samahanini, simu niliiacha kwenye ngazi nikamvuta mkono tukatoka.

Skrubu niliilegeza mimi. Video ilianza na springi moja tu, nikafuata upande niliosimama. Ya pili nilikuwa nimeshaiwekea spana. Mikono inanitetemeka hata kuandika.

Fundi Reli
Pumua kwanza. Funga mlango wa kuingilia gereji kutoka ndani ya nyumba, zima umeme wa mota, watoto na wakubwa wasiingie. Asubuhi fundi akija mwambie neno la kwanza kabisa: skrubu moja ya springi ya kulia imelegezwa. Kabla hajapanda. Halafu abadilishe zote mbili. Springi za kawaida zinahesabiwa kufungua na kufunga mara 10,000 hivi. Kwa mara nne kwa siku ni kama miaka saba. Zimefungwa siku moja, hiyo nyingine haiko mbali.

Jicho_la_Tai
Kisiki, neno chai nalirudisha. Nisamehe. Nimeupata uzi wako wa mgongo. Pale kuna daktari kajibu kwamba akilazwa kiti cha nyuma kwa ubavu, mto katikati ya magoti, anaweza kusafiri. Gari lolote lenye kiti cha nyuma kirefu.

Bi Subira wa Pili
Na blanketi lililokunjwa nyuma ya mgongo asirudi rudi kwenye kona.

Kisiki_Mvua
Nimempigia mpwa wangu, ana gari lenye kiti kirefu, anakuja saa kumi na nusu. Mama ameamka, anauliza tulikuwa tunagonga nini. Mdogo wangu ameketi kitandani kwake anamshika mkono. Mlango wa gereji nimeufunga, nimebandika karatasi, ufunguo ninao mfukoni.