Naomba ushauri: mafaili niliyokwisha kuyafuta bado yanarejesheka. Nitayaondoaje moja kwa moja kwenye kompyuta?

Mtunza Hesabu

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za watu, na kwa miaka kadhaa kompyuta yangu ya mkononi imebeba orodha za mishahara, taarifa za benki na nakala za vitambulisho vya wateja. Sasa nimepata mashine nyingine, na hii ya zamani ningependa kumwachia mdogo wangu aitumie kwa masomo. Nimekwisha kuhamisha kazi zote, nimefuta yaliyobaki na nimemwaga pipa la taka.

Kabla ya kuikabidhi nilisakinisha Recuva, programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa, ili nijiridhishe. Orodha iliyotokea ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia: majina ya mafaili ya zamani, na mbele ya mengi kati ya hayo kidoti cha kijani, maana yake yanarejesheka. Nilibofya mojawapo, na pembeni ikajitokeza picha ya pasipoti ya mteja, sura yake, namba na saini, kana kwamba haijawahi kuguswa.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini mafaili haya bado yapo wakati pipa la taka ni tupu? Na kuna njia gani ya kuyaondoa bila kuiharibu kompyuta, kwa kuwa nataka iendelee kutumika? Mfumo ni Windows 11.

Fundi Diski

Ndugu Mtunza Hesabu, swali lako la kwanza lina jibu fupi. Unapofuta faili, Windows haigusi yaliyomo ndani yake. Inachokifanya ni kuweka alama kwenye jedwali kuu la mafaili kwamba nafasi ile sasa iko wazi na faili jingine linaweza kuandikwa hapo. Ni sawa na kung'oa ukurasa wa yaliyomo katika kitabu huku sura zote zikibaki mahali pake. Data za zamani hukaa pale mpaka siku mfumo utakapohitaji nafasi hiyo, na kwenye diski kubwa yenye nafasi ya kutosha siku hiyo inaweza kuchelewa sana. Kufuta kwa kubonyeza Shift pamoja na Delete hakubadilishi chochote katika hili, kwa sababu kunaruka tu hatua ya pipa la taka.

Swali la pili siwezi kulijibu kabla sijajua diski yako ni ya aina gani, na ningewaomba wachangiaji wengine nao wasitaje programu yoyote mpaka tulijue hilo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, kisha tazama chini ya jina la kila diski kama imeandikwa HDD au SSD. Ya kwanza ni diski ya sahani zinazozunguka, ya pili ni ya chipu. Dawa ya moja siyo dawa ya nyingine.

Mpita Njia

Mkuu, usijisumbue na maswali mengi. Pakua programu ya Eraser, chagua njia ya Gutmann ya kuandika mara 35 juu ya nafasi yote iliyo wazi, uiache ifanye kazi. Baada ya hapo hata maabara ya kijasusi haitapata kitu. Mara moja au mara tatu ni kujidanganya.

Bibi Seva

Ndugu Mpita Njia, kwa heshima naomba tutofautiane hapo, kwa sababu ushauri huu umekuwa ukirudiwa kwa miaka mingi na unawapotezea watu muda.

Peter Gutmann alichapisha makala yake mwaka 1996, na zile ruwaza 35 za kuandika juu ya data zilikusudiwa kukidhi mbinu mbalimbali za kurekodi data zilizotumika kwenye diski za enzi hizo na za kabla yake. Hakuna diski hata moja iliyozihitaji zote. Ziliwekwa pamoja kwa ajili ya mtu asiyejua diski yake inatumia mbinu ipi. Gutmann mwenyewe aliongeza maelezo baadaye akisema kwamba kuendesha mizunguko yote 35 kwenye diski za kisasa hakuna maana. Mwongozo namba 800-88 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika toleo lake la mwaka 2014, nao ulieleza kwamba kwa diski za sumaku mzunguko mmoja wa kuandika juu kwa kawaida unatosha kuzuia data zisirejeshwe, hata kwa vifaa vya maabara.

Tupige hesabu kidogo. Diski inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde humaliza terabaiti moja kwa karibu saa tatu. Mizunguko 35 ni karibu saa 100, yaani siku nne na ushei za diski kuunguruma bila kupumzika, ili kupata kile ambacho ungekipata kabla ya chakula cha mchana. Na kama diski ni ya SSD, umeipunguzia maisha bure na hujapata hata uhakika uliokuwa unautafuta.

Mtunza Hesabu

Ahsanteni sana. Fundi Diski, nimetazama kama ulivyoelekeza. Kompyuta ina diski mbili: C, yenye mfumo, ni SSD ya gigabaiti 256, na D, niliyokuwa nikiweka kazi za wateja, ni HDD ya terabaiti moja. Kuna jambo sikulielewa. Nimeichunguza upya kila diski peke yake. Kwenye C majina ya mafaili yaliyofutwa yanaonekana, lakini nikiyarejesha picha hazifunguki. Kwenye D yanafunguka karibu yote, na ile pasipoti ilitoka huko.

Fundi Diski

Umefanya uchunguzi mzuri, na matokeo yako yanaonyesha tofauti ninayoizungumzia kuliko maelezo yangu yoyote.

Kwenye SSD, faili linapofutwa, Windows hutuma agizo liitwalo TRIM kuijulisha diski kwamba vipande fulani havitumiki tena. Diski huvisafisha kwa wakati wake, na kwa kawaida ukivisoma baada ya hapo hupata sifuri tupu. Ndiyo maana jina lipo lakini picha haifunguki. Ukitaka kuhakikisha kwamba agizo hilo limewashwa, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu likiwa 0, limewashwa.

Kile ambacho SSD haiwezi kukuhakikishia ni kuandika juu ya faili moja ulilolichagua. Kidhibiti chake husambaza maandishi kwenye chipu zote ili zisichakae upande mmoja, kwa hiyo unapoagiza data mpya ziandikwe mahali pa zile za zamani, mara nyingi data mpya huenda kwenye kipande kingine na zile za zamani hubaki zilipokuwa, mahali ambapo mfumo hauwezi kupafikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilijaribu jambo hili mwaka 2011 kwa kusoma chipu zenyewe moja kwa moja, na mbinu zote walizozijaribu za kufuta faili mojamoja zilishindwa kuziondoa data zake zote.

Kwa hiyo tuanze na D, ambako ndiko kwenye tatizo. Kama ungekuwa unabaki na mafaili mengine humo, ningekushauri utumie amri `cipher /w:D:\`, ambayo imo ndani ya Windows yenyewe. Haiyagusi mafaili yaliyopo. Inajaza nafasi iliyo wazi kwa sifuri, kisha kwa moja tupu (thamani ya FF), kisha kwa namba za nasibu. Programu ya SDelete kutoka mkusanyiko wa Sysinternals wa Microsoft hufanya kazi ya namna hiyo kwa amri `sdelete -c D:`, na ina ubora mmoja: hujaza pia nafasi zilizo wazi ndani ya jedwali la mafaili, mahali ambapo mafaili madogo sana huhifadhiwa yenyewe mazimamazima.

Hata hivyo SDelete haiondoi majina ya mafaili yaliyofutwa zamani, na kwa mtu wa kazi yako jina peke yake linaweza kuwa siri. Faili lililopewa jina la mteja pamoja na neno "deni" limekwisha kusema yote hata kama ndani ni tupu. Kwa kuwa D yote umekwisha kuihamisha, njia safi zaidi ni kuifomati yote. Bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua kufomati, na uondoe alama kwenye kisanduku cha fomati ya haraka. Kisanduku hicho ndicho kiini cha mambo: tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sifuri kwenye diski nzima, ilhali ile ya haraka hutengeneza jedwali jipya tu na kuyaacha yale ya chini yakiwa yamelala.

Karani Mstaafu

Naongeza upande ambao haujaguswa. Diski ikisafishwa vizuri namna gani, faili linaweza kuwa na ndugu zake mahali pengine, na kwa uzoefu wangu hao ndio wanaomwaibisha mtu.

Tazama folda ya vipakuliwa, kwa sababu kila kiambatisho ulichokifungua kutoka kwenye barua pepe huenda kimeacha nakala hapo au kwenye folda ya mafaili ya muda. Tazama pointi za kurejesha mfumo, ambazo huweza kuhifadhi matoleo ya awali ya mafaili, na amri ya cipher haizigusi. Windows pia huweka ghala la vijipicha vya kuonyesha kilichomo ndani ya folda, na pasipoti uliyoifuta inaweza kuwa na kijipicha chake humo, kidogo lakini chenye sura inayotambulika. Kisha kuna hifadhi za mtandaoni: pipa la taka la OneDrive kwa akaunti za binafsi hutunza vilivyofutwa kwa siku 30, na la Google Drive vilevile, kwa hiyo ingia uyamwage kwa mkono. Flashi za zamani usizisahau. Kwa kawaida hazina TRIM, na nyingi hutumia mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT, ambao ukifuta faili hufuta herufi ya kwanza ya jina lake fupi na kuyaacha yaliyomo.

Kama mtu anadhani tunakuza mambo, Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT cha Marekani walinunua diski 158 zilizotumika na kuchapisha walichokikuta mwaka 2003. Diski 129 zilikuwa zinafanya kazi, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo.

Jambo la mwisho kwa upande wangu: kabla hujafuta, hakikisha nyaraka ambazo wajibu wa kazi unakutaka uzitunze zimefunguka zote kwenye mashine mpya. Usiishie kuona majina yake tu.

Nyundo

Vunja diski, nunua nyingine, lala usingizi.

Bibi Seva

Ndugu Nyundo, kwa diski iliyokufa isiyokubali amri yoyote nakuunga mkono, ila kwa SSD uhakikishe kila chipu imepasuka, kwa kuwa chipu nzima moja bado inaweza kusomwa. Hapa lakini mwenye mashine anataka itumike.

Kwa diski C, Mtunza Hesabu, pendekezo langu ni kuisimba kwanza, yaani kuzigeuza data zake zisisomeke bila ufunguo, kisha kuirudisha Windows katika hali ya upya. Kama toleo lako la Windows lina BitLocker, zana yake ya usimbaji, iwashe, na itakapokuuliza usimbe nafasi inayotumika tu au diski nzima, chagua diski nzima, kwa sababu ile ya kwanza huyaacha mabaki ya yaliyofutwa bila kuguswa. Toleo lisilo na BitLocker linaweza kutumia VeraCrypt, programu nyingine ya usimbaji, ila hapo itakubidi usakinishe Windows upya badala ya kuirudisha tu. Usimbaji ukikamilika, nenda kwenye mipangilio ya kurejesha kompyuta, chagua kuondoa kila kitu, kisha fungua mipangilio ya ziada na uwashe chaguo la kusafisha data. Ufunguo wa zamani ukishapotea, kipande chochote kilichosimbwa na kikabaki kwenye kona ya chipu kitakuwa takataka isiyosomeka.

Watengenezaji wengi wa SSD pia hutoa amri ya kuisafisha diski nzima kutoka ndani ya kidhibiti chenyewe, na wakati mwingine utaikuta kwenye menyu inayofunguka kabla ya Windows kuwaka. Ukiikuta, ni bora kuliko programu yoyote, ila itakubidi usakinishe mfumo upya.

Na kwenye mashine yako mpya, washa usimbaji leo, kabla hujaingiza faili la mteja hata mmoja zaidi. Diski iliyosimbwa tangu mwanzo haikupi kazi hii yote siku ya kuiachia.

Mtunza Hesabu

Nawashukuru nyote. D inafomatiwa kwa njia kamili hivi sasa, na mstari wa maendeleo unasogea kwa unyonge lakini unasogea. BitLocker ipo, na C nitaifanyia kama Bibi Seva alivyoeleza. Kwenye mashine mpya usimbaji nimekwisha kuuwasha, na ufunguo wake wa kurejesha nimeuchapa kwenye karatasi na kuuhifadhi mbali na kompyuta.

Nina swali moja limebaki. Nina diski ya nje ya HDD yenye picha za familia ambazo ni lazima zibaki, na humo pia niliwahi kufuta kazi za wateja. Niliiendeshea `cipher /w`, lakini katikati ya kazi waya ulichomoka. Sasa diski inaonyesha kwamba imejaa kabisa, wakati picha zilizomo hazifiki hata nusu yake.

Fundi Diski

Picha zako hazijaguswa. Amri hiyo hufanya kazi kwa kutengeneza folda iitwayo EFSTMPWP kwenye mzizi wa diski na kuijazia mafaili makubwa mpaka nafasi yote iishe, kisha huyafuta yenyewe inapomaliza. Ilipokatizwa, folda ilibaki. Ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, ifute folda hiyo, nafasi itarudi, halafu uianze amri upya ukiwa umefunga programu nyingine zote. Iendeshe usiku, na waya uuweke mahali ambapo hakuna mtu atakayepita.