Dirisha la mama: sitara, mwanga na bahari, vyote nivipateje?

BintiMtanda

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Naomba ushauri kuhusu dirisha moja tu. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, na mpaka leo mkono na mguu wa kulia havijarudi sawasawa. Nimemchukua nakaa naye hapa Lindi, huku mlimani Mtanda. Chumba nilichompa ndicho kizuri kuliko vyote: dirisha linatazama mashariki, ghuba yote iko mbele yake, anaona mpaka ng'ambo ya Kitunda na vyombo vinavyovusha watu. Mama ni mtoto wa mvuvi. Tangu augue, kinachomchangamsha ni kukaa pale akitazama maji yanavyojaa na kupwa.

Shida ni njia ya miguu inayopita karibu na ukuta. Watu wanashuka mjini asubuhi, wanapanda jioni, na watoto wa shule nao. Kila anayepita anatupa jicho ndani. Humo humo ndimo ninapomfuta mwili, ninapombadilisha nguo, na siku nyingine amelala kanga imemtoka. Inaniuma sana. Mama yangu alikuwa mtu wa kujisitiri maisha yake yote.

Niliweka pazia zito. Sitara nikapata, lakini chumba kikawa giza na joto, na mama akanyamaza siku mbili. Nikalitoa. Sasa fundi mmoja ananiambia nibandike stika nyeusi kwenye vioo, mwingine ananiuzia blaindi za ofisini. Dirisha ni la aluminiamu la kusukuma, futi 5 kwa 4, lina nondo na neti ya mbu. Bajeti yangu ni laki tatu, za korosho. Sitaki kukosea tena.

Kijana wa Chuno

Pole sana dada, Mungu amjalie mama afya.

Mimi ningekwenda na hiyo stika, ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Sisi tunayo sebuleni hapa Mtwara. Mchana mtu wa nje anajiona mwenyewe, wewe wa ndani unamwona yeye. Hauhitaji pazia kabisa.

Fundi Aluminiamu Kusini

Kijana wa Chuno, stika hiyo naibandika mwenyewe kila wiki, ni kazi yangu. Lakini kwa hili la mama nakataa, na nitaeleza kwa nini.

Dirisha la kusukuma ukilifungua, kioo kimoja kinakwenda kujificha nyuma ya mwenzake. Nusu ya dirisha inabaki neti tupu, na stika yako imeondoka pamoja na kioo. Joto la Lindi mwezi wa kumi na mbili nani atamfungia mgonjwa madirisha ili stika ifanye kazi? Hilo la kwanza.

La pili, stika ya namna hiyo haina uchawi. Mtu aliye penye mwanga hamwoni aliye penye giza, basi. Mchana nje kuna mwanga mkali kuliko ndani, kwa hiyo wa nje anaona mng'ao tu. Jua likizama ukawasha taa, mambo yanageuka: wa njiani anaona chumba chote, na mama ndiye anayejiona kwenye kioo. Wateja wangu wengi wamegundua hivyo usiku wa kwanza.

Na ile nyeusi ya kawaida, isiyong'aa, inanywa joto la jua. Kioo chenyewe kinachemka na kurudisha sehemu ya joto hilo chumbani. Kioo kikiwa nusu kwenye jua kali na nusu kwenye kivuli, nimeshakiona kikipasuka chenyewe bila kuguswa. Tena bahari ataiona yenye giza.

Dada, kabla hujanunua chochote nijibu haya: hiyo njia iko chini ya sakafu yako au juu? Iko mbali kiasi gani na ukuta? Kizingiti cha dirisha kiko juu kiasi gani toka sakafuni? Na mama akikaa kwenye kiti, macho yake yanafika wapi? Pima kwa futikamba, usikadirie.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Mwanangu, pole kwa uuguzi. Nami nilimuuguza mama mkwe miaka minne, najua uzito wake.

Nina swali moja ambalo hakuna aliyeuliza. Mama mwenyewe amesemaje?

BintiMtanda

Asanteni wote kwa pole zenu.

Fundi, nimepima leo. Njia iko chini ya sakafu yetu kwa mita 1 kasoro kidogo, maana nyumba iko kwenye mteremko. Kutoka ukutani mpaka katikati ya njia ni mita 2. Kizingiti kiko sentimita 90. Macho ya mama akiwa kwenye kiti chake cha mikono ni sentimita 115. Kiti kimeegemea kabisa dirishani.

Bi Mkubwa, swali lako limenikalisha chini. Sikuwahi kumuuliza. Nimemuuliza jioni hii, na amenijibu taratibu kwa sababu maneno bado yanamsumbua. Amesema hachukii kuonekana. Asubuhi akishaoga na kujitanda kanga yake anapenda watu wamsalimie dirishani, "nisiwe kama nimekufa." Anachochukia ni kuonekana wakati wa kufutwa, na kwamba hawezi kulifunga pazia mwenyewe mpaka aite mtu. Mwezi mzima mimi nahangaika kumficha, kumbe yeye anataka mamlaka juu ya pazia lake.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Ndivyo ilivyo. Angalia nyumba zetu za zamani hapa Mikindani, mtu anakaa barazani karibu na njia kabisa, anasalimia na kusalimiwa, na sitara yake iko palepale, kwa sababu yeye ndiye anayeamua lini atoke na lini aingie ndani. Mpe mama huo uamuzi, hata kwa mkono mmoja.

Fundi Aluminiamu Kusini

Vipimo vyako vimenifurahisha, maana sehemu kubwa ya dawa haiuzwi dukani.

Mtu mzima anayepita, macho yake yako kama mita 1.5 juu ya njia. Njia iko mita 1 chini ya sakafu, kwa hiyo macho yake yako nusu mita tu juu ya sakafu yako. Yuko chini ya kizingiti! Anapotazama ndani anatazama kwa kupandisha. Toka macho yake mpaka kizingitini mstari unapanda sentimita 40 ndani ya mita 2, yaani sentimita 20 kila mita. Mstari huo ukiendelea chumbani, mita moja na nusu toka dirishani umeshafika sentimita 120. Macho ya mama ni 115. Maana yake, kiti kikirudi nyuma mita moja na nusu, mpita njia anaona dari na ukuta wa juu, mama hamwoni zaidi ya utosi.

Na mama je? Bahari iko mbali, kurudi nyuma hatua mbili hakumwondolei. Toka pale nyuma anatazama juu ya kizingiti, anaiona toka upeo wa macho mpaka chini kidogo. Atakachopoteza ni ile njia na ufuo wa karibu.

Kwa hiyo ana viti viwili ndani ya kiti kimoja. Akitaka kusalimiwa, msogeze dirishani. Akitaka bahari bila watu, mrudishe nyuma. Weka alama mbili za chaki sakafuni, kisha mtu mmoja apite njiani akiwa mrefu, mwingine akae kwenye kiti. Jaribuni kesho. Kitanda usikiweke mkabala na dirisha, kiweke pembeni, ukuta uleule wenye dirisha. Aliye njiani hawezi kukunja macho akaona nyuma ya ukuta.

Mshona Mapazia Ndoro

Naona fundi amenipunguzia kazi, lakini pazia bado linahitajika kwa mambo mawili: asubuhi na usiku.

Dirisha la mashariki, toka saa kumi na mbili na nusu mpaka kama saa tatu na nusu, jua linaingia limelala. Linaingia mpaka ukutani, upenu hausaidii kitu saa hizo. Linammulika mama kama taa, na maji ya ghuba yanamrudishia mng'ao machoni. Kwa saa hizo weka pazia jepesi jeupe, shia. Wengi hawajui kwamba shia linasitiri vizuri zaidi linapopigwa na jua kwa nje, linawaka jeupe, wa nje haoni kitu. Ubaya wake ni kwamba na wa ndani naye haoni bahari, anaona weupe tu. Saa nne jua limeshapanda, fungua shia lote, upenu unafanya kazi.

Ukitaka kitambaa cha kuonea nje muda wote, kinatakiwa kiwe cheusi au kijivu kilichokolea chenye matundu. Neti yako ya mbu nadhani ni nyeusi? Ndiyo maana hujawahi kuiona kama inazuia bahari.

Pazia zito ni la usiku na wakati wa kumfuta. Lishonwe na bitana nyeupe upande wa nje, inarudisha jua. Nadhani la kwanza lilikuwa la rangi nzito bila bitana, ndiyo maana chumba kikawa tanuri. Tena usiku lifunge kabla ya kuwasha taa, siyo baada.

Vipimo: bomba la kutundikia pazia lisiishie kwenye fremu. Lizidi sentimita 25 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kioo kibaki wazi chote. Dirisha lako ni kama mita 1.5, basi bomba mita 2. Kitambaa zidisha mara mbili, mita 4, ndipo mikunjo ikae. Wanaokwambia mita 2 zinatosha watakushonea shuka.

Kijana wa Chuno

Nimejifunza, nafuta wazo langu la stika. Ila mkono mmoja atalifungaje? Sisi tuna blaindi za kamba, unavuta tu.

Fundi Aluminiamu Kusini

Kamba za mzunguko hapana, kama nyumbani kuna wajukuu. Mtoto mdogo akiingiza shingo kwenye ule mzunguko, hapigi hata kelele. Na zile blaindi za chuma chembamba, chumvi ya hapa itakula viungo vyake mapema. Tena upepo wa kusi ukivuma usiku kucha zinagonga, mgonjwa halali.

Fanya hivi. Acha ile springi ya kutundikia, inalegea katikati na pazia linakwama. Tumia bomba la aluminiamu au mti uliolainishwa, bomba la chuma litashika kutu na pete zitakataa kuteleza. Pazia zito liwe kipande kimoja, siyo viwili, likae kushoto kwake likiwa wazi. Kwenye pete ya kwanza, ile inayoongoza, ning'iniza fimbo ya mwanzi ya mita 1.2. Bomba likiwa mita 2.2 toka sakafuni, ncha ya mwanzi inafika mita 1, palepale kwenye mkono wake wa kushoto akiwa dirishani. Anaisukuma kulia, pazia linafunga. Anaivuta kushoto, linafunguka. Sugua mshumaa juu ya bomba kila mwezi, litateleza hata kwa kidole.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Na pindo la chini lishonwe nene, mwanangu, utie mnyororo mwembamba ndani yake. Upepo wa bahari haulipendi pazia jepesi, utalipandisha mpaka darini wakati unamfuta mgonjwa.

BintiMtanda

Wakuu, narudi na majibu kama nilivyoahidi kwa waliouliza pembeni.

Kiti kwanza. Kaka yangu ni mrefu kuliko wote hapa, amepita njiani mara nne huku mimi nimekaa mahali pa mama. Kwenye mita moja na nusu, kwa urefu wake, alikuwa bado anaona sehemu ya juu ya uso wangu. Tukaendelea kurudisha kiti nyuma mpaka hakuona kitu. Bahari ipo, Kitunda ipo, mashua zote zipo. Nimekaa pale nikalia kidogo, maana mwezi mzima nilihangaika kumficha mama bure.

Kitanda tumekihamisha pembeni. Pazia zito limeshonwa, rangi ya mchanga, bitana nyeupe, na mnyororo ndani ya pindo. Shia nimechukua la bei nafuu kwa sababu ni la masaa matatu tu kwa siku. Bomba mbili za aluminiamu. Nimebakiwa na elfu arobaini na tano.

Mwanzi mama alishindwa siku mbili za kwanza, ulikuwa unamponyoka. Nikaufunga kitambaa cha kanga nchani ukawa mnene, sasa anaushika. Jana nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikasikia pete zinateleza. Nilipoingia pazia limefungwa na mama yuko nyuma yake anajifunga kanga mwenyewe, kwa mkono mmoja na meno. Nikarudi jikoni bila kusema neno. Baada ya muda nikasikia pete tena, halafu sauti ya jirani njiani: "Bibi, hujambo?"

Mshona Mapazia Ndoro

Mwanzi aliununua wapi fundi wako, na ameufungaje kwenye pete? Nina mteja hapa mjini mwenye hali kama hiyo.

BintiMtanda

Hakuununua, tuliukata nyuma ya nyumba tukaukausha wiki moja. Ametoboa tundu sentimita 3 toka nchani, akapitisha kipande cha uzi wa kuvulia, akauzungusha kwenye pete mara tatu. Uzi wa kuvulia haushiki kutu. Mama ndiye aliyesema utumike huo.