Naomba ushauri: kuvuka Nullarbor na watoto kwa gari lenye vitanda na jiko

Ndugu zangu, mimi na mke wangu tunaishi Perth, Australia, na mwezi Agosti tunakusudia kukodi gari lenye vitanda na jiko ndani ili tusafiri na watoto wetu wawili hadi Adelaide, safari ya takriban kilomita 2,700 kupitia tambarare ya Nullarbor. Tumechagua Agosti kwa sababu wakati huo nyangumi huwa wako Head of Bight, kwenye pwani ya kusini, na watoto wao, nami natamani sana wanangu wawaone kutoka juu ya majabali.

Kinachonitia wasiwasi ni barabara yenyewe: kati ya Balladonia na Caiguna imenyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja, vituo vya mafuta vimeachana sana, na magharibi ikiingia kangaruu huvuka ghafla. Mkataba wa kukodi unakataza kuendesha usiku, jambo ninaloliona la busara. Je, mliokwisha kupita huko mlilala wapi, na mlibeba maji kiasi gani? Naomba pia kujua mlivyopanga chakula cha watoto, kwa kuwa matunda hayaruhusiwi kupita kituo cha Ceduna cha ukaguzi wa kuzuia wadudu wa matunda.