Naomba ushauri: nataka kusomea kuruka kwa vyombo

Wakuu, habari za jioni. Nina leseni ya rubani binafsi, naishi Arusha, naruka Cessna 172 ya kukodi kutoka Kisongo. Sasa nataka kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma mita tu bila kuona nje.

Kilichonisukuma ni asubuhi moja ya Julai. Nilikuwa natoka Moshi, mawingu yakashuka mpaka Meru ikapotea, mlima wa zaidi ya mita 4,500! Mwili uliniambia nimenyooka, kumbe kile kimchoro cha ndege kwenye mita kilishalala kushoto. Niligeuza, nikatua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) mikono ikitetemeka.

Kati ya saa zinazotakiwa kwa kibali hicho, zile 50 za safari nikiwa rubani kiongozi ninazo. Shida ni zile 40 za vyombo, maana kila saa ya ndege na mwalimu inauma mfukoni. Je, nianze na simuleta (mashine ya kuigiza kuruka ukiwa chini) kupunguza gharama, au nizoee kwanza ndege yenyewe? Na kwa mwajiriwa, nisome wikendi kidogo kidogo au nichukue likizo nimalize mfululizo?

Mliopita njia hii nielekezeni tafadhali. Mke wangu hajalala vizuri tangu siku ile.