Tulinyimwa viwanja vya viwanda kwa kukosa uwezo wa kujenga, leo waliopewa wamesamehewa kujenga

Wakuu, habari za humu. Mimi ni fundi vyuma hapa Arusha, karakana yangu iko Unga Limited, yadi ya kupanga. Natengeneza mashine za kusaga na kukoboa, mageti, matrela ya pawatila. Huwa nasoma tu nyuzi za wengine, sijawahi kufungua wangu. Leo nimefungua kwa sababu tangu juzi chakula hakipiti.

Kuna halmashauri moja huku kwetu kaskazini iliuza viwanja vya viwanda miaka kumi na moja iliyopita. Jina naliacha kwanza, nimepeleka barua na nasubiri majibu. Juzi diwani mmoja ananiambia, tumesimama tu barabarani, kwamba walionunua wakaacha majani yaote wameondolewa sharti la kujenga kiwanda. Mkataba wa mauzo ulisema asiyejenga ndani ya miezi 36 kiwanja kinarudi halmashauri. Kipengele hicho kimeondolewa, na maombi yao ya kubadili matumizi kutoka viwanda kwenda makazi na biashara yamepelekwa juu na mapendekezo ya kuyakubali. Nilimuuliza mara mbili kama nimesikia vizuri.

Nilikuwepo kwenye ule mchakato. Nilinunua fomu. Walitaka andiko la mradi, michoro ya jengo na taarifa ya benki ya kuonyesha kwamba fedha ya kujenga ipo. Mimi nilikuwa na akiba ndogo, mashine zangu na vijana wanne. Andiko nililipa mtu aniandikie, michoro nikalipa mwingine. Siku ya kuitwa mezani, afisa ardhi aliniongelesha kwa heshima kabisa: "Fundi, hapa tunatafuta mtu wa kujenga. Wewe utamaliza kwa miaka mingapi?" Nikamwambia ukweli, mitano, labda sita, najenga kidogo kidogo. Akatikisa kichwa, akasema sharti ni mitatu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama watoto kwamba wale watu wana haki, viwanja hivi ni vya wenye uwezo, tusiwalaumu. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu na niliyaamini miaka yote hii.

Kumbe ningedanganya tu. Ningesema miezi 36 kama wenzangu, nikachukua kiwanja, nikanyamaza.

Na tuiangalie ile bei. Mita moja ya mraba kwenye eneo la viwanda haikufika hata nusu ya bei ya viwanja vya makazi vilivyokuwa jirani kabisa, barabara tu inavitenganisha. Halmashauri ilitueleza sababu mbele ya wote: tunashusha bei ili mjenge viwanda, vijana wapate ajira na sisi tupate ushuru kila mwaka. Maana yake mnunuzi alilipa fedha kidogo na sehemu iliyobaki akailipa kwa ahadi. Lile sharti lilikuwa sehemu ya bei! Leo unamfutia sharti, unamruhusu auze kwa bei ya makazi, na hiyo tofauti yote inaingia mfukoni kwake. Hakuna aliyeniambia kama ameombwa kurudisha hata shilingi. Nimeuliza kwa diwani, nimeuliza kwa mtendaji, nikaishia kuambiwa nilete maswali kwa maandishi. Nimeyaleta.

Kuna jambo linaniuma kuliko kiwanja changu. Eneo lile halikuwa pori. Lilikuwa mashamba ya watu, na yupo bibi mmoja, sisi wote tunamwita Koko, alitolewa pale na mji wake mzima. Walikuja wakahesabu migomba, mibuni na mahindi yake, wakamwambia ardhi inatwaliwa kwa manufaa ya umma, wakamlipa fidia ya shamba. Alisaini kwa kidole gumba. Aliniambia alikubali kwa sababu aliahidiwa wajukuu wake watafanya kazi kiwandani bila kupanda daladala. Sasa pale aliponyang'anywa migomba yake, mtu mwingine anakwenda kuuza vipande vya apatimenti. Hayo manufaa ya umma yako wapi? Nani atakwenda kumweleza? Mimi nimepita kwake Jumapili nikashindwa.

Najua kuna watakaosema sheria inaruhusu kubadili matumizi. Inaruhusu, Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inalo hilo, na utaratibu wake upo. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Mwenye hati amepewa kuitumia kwa muda na kwa masharti. Ofa, yaani barua za kumilikishwa kiwanja, nilizowahi kuziona mimi zimeandikwa wazi: michoro ndani ya miezi sita, ujenzi uanze ndani ya miezi sita baada ya kupata kibali, umalizike ndani ya miezi 36. Anayekiuka anapewa ilani, anaweza kutozwa faini, na mwisho Rais anaweza kubatilisha hati. Tumeona mashamba makubwa yakifutiwa hati kwa kutoendelezwa. Kwa hiyo njia ilikuwepo. Halmashauri ilitakiwa kuanzisha ubatilisho, ikaanzisha msamaha.

Wengine watasema umeme wa fezi tatu ulichelewa, barabara haikuchongwa, wanunuzi wangejengaje. Hapo nakubali kwa sehemu. Umeme ulichelewa kweli, nami sitasema uongo ili kushinda hoja. Lakini mtu aliyecheleweshewa umeme anaongezewa muda wa kujenga kiwanda. Anapewa miaka miwili, mitatu, tunamuelewa. Kuchelewa kwa nguzo za umeme kunamfanyaje astahili kujenga loji na fremu? Na wawili mbona walijenga? Mmoja anakamua alizeti, mwingine anatengeneza tofali na kalavati. Walivuta umeme kwa gharama zao, wakavumilia vumbi, wakatimiza. Hao leo wanaonekana wajinga.

Tena hao wawili ndio watakaofuata kuumia, na hapa naongea kwa niliyopitia. Karakana yangu ya kwanza ilikuwa Sombetini. Nilipofika kulikuwa na nafasi, nyumba chache. Zikajengwa hadi zikagusa ukuta wangu. Wakaanza kulalamikia grenda, wakalalamikia mwanga wa kuchomelea, harufu ya rangi, wakaenda serikali ya mtaa, nikapewa wiki mbili kuhama. Siwalaumu, walikuwa na watoto wachanga. Ndiyo maana mji unatenga eneo la viwanda mbali na vitanda vya watu! Ukishaweka apatimenti katikati ya eneo lile, ndani ya miaka michache yule wa alizeti ataambiwa mashine zake zinapiga kelele, na eneo la viwanda litakuwa limekwisha. Halmashauri itakwenda kutwaa mashamba ya Koko mwingine.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa matengenezo Kiltex, kile kiwanda cha nguo. Mwaka 2009 kiwanda cha matairi cha General Tyre kiliposimamisha uzalishaji, niliwaona watu wazima wenye ujuzi wa miaka wakija kuomba vibarua vya siku kwenye karakana za mtaani. Mji huu unajua kupoteza viwanda kunafananaje. Eneo lililotengwa kwa ajili ya vipya halikupaswa kuguswa na mtu yeyote.

Ninachotaka ni hiki. Viwanja ambavyo havijajengwa virudi, vitangazwe upya hadharani, na vikatwe vipande vidogo ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvimudu. Kama kuna anayebadilishiwa matumizi, alipe tofauti yote ya bei ya leo. Na mhtasari wa kikao kilichopitisha jambo hili uonyeshwe, vikao vya baraza ni vya wazi, kwa nini sisi tuokote habari barabarani?

Naomba msaada mmoja humu. Lile tangazo la kuuza viwanja lilitoka gazetini na kubandikwa kwenye mbao za kata, likiwa na masharti yote na sababu ya kushusha bei. Nakala yangu ililowa mvua ilipoingia karakana. Mwenye nakala, au mwenye ofa ya eneo la viwanda yenye kile kipengele cha miezi 36, afunike jina lake na namba ya kiwanja, apige picha aiweke hapa. Alhamisi narudi pale ofisini kufuatilia barua yangu na ningependa kuwa nayo mkononi.