Samaki wangu wa diskasi wamekuwa weusi, choo cheupe, chakula wanatema. Nianze na dawa gani?

tangi_la_ntinda

Habari zenu wakuu. Nina diskasi sita kwenye tangi la lita 240 hapa Ntinda, Kampala. Wanne wa zamani, wakubwa, wawili wapya nimeletewa na basi kutoka Nairobi ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), walifika wazima kabisa na wakala siku hiyohiyo. Sasa wale wapya wamegeuka weusi, wanajibanza nyuma ya hita kichwa chini, na juzi mmoja wa wale wa zamani naye kaanza. Moyo wa ng'ombe wanautia mdomoni wanautema. Choo ni cheupe, chembamba kama uzi, kinaning'inia tu nyuma hakikatiki. Mmoja wa wapya anajisugua kwenye gogo halafu anapumua harakaharaka. Jamaa mmoja kaniambia weka Flagyl (ile dawa ya vijidudu vya tumboni) tu moja kwa moja, mwingine kasema tetrasaikilini ile ya kuku, jirani naye kaja na chumvi. Nishike ipi? Bei ya hawa samaki mnaijua wenyewe.

bodaNaSamaki

Choo cheupe = Flagyl. Hiyo ni heksamita, kijidudu cha tumboni, kila mwenye diskasi anaijua. Saga vidonge mwaga kwenye tangi pandisha joto basi.

mama_akwariamu_jinja

@bodaNaSamaki taratibu kaka. Choo cheupe maana yake tumbo halina chakula na utumbo unatoa ute, basi. Heksamita inaweza kuleta hivyo, minyoo pia, na hata samaki aliyekosa raha kwa sababu ya maji mabaya akigoma kula siku chache atatoa choo hichohicho. Sasa ukikimbilia dawa ya tumbo na wakati shida iko kwenye matamvua utakuwa unamtibu mguu mtu anayeumwa jino.

@tangi_la_ntinda kabla ya dawa yoyote nijibu haya. Amonia na nitraiti (sumu zinazotokana na uchafu wa samaki) zinasoma ngapi, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ngapi, joto ngapi? Huyo anayepumua haraka anafungua matamvua yote mawili au upande mmoja umefunga? Simama mbali na tangi umtazame, usimsogelee, maana diskasi akikuona anabadilika. Na umeme kwenu ulikatika karibuni?

tangi_la_ntinda

Asante mama. Nimepima sasa hivi. Amonia 0.5, nitraiti 0.25, pH 7.6, joto 27. Umeme ndiyo ulikatika, usiku kucha mpaka asubuhi, ukarudi wenyewe kila kitu kikawaka. Filta yangu ni ile ya kopo la kufunga, inakaa chini ya kabati. Na kweli nimemwangalia kutoka kwenye kochi, upande wa kushoto haufungui kabisa, anatumia wa kulia tu.

mama_akwariamu_jinja

Haya, hapo una vitu viwili vimepandana na vyote viwili havihusiani na Flagyl.

Cha kwanza maji. Filta ya kopo ikikaa bila umeme masaa mengi, bakteria wazuri mle ndani wanamaliza oksijeni wanaanza kufa, maji yanaoza humohumo, halafu umeme ukirudi pampu inayasukuma yote kwenye tangi. Ndiyo maana umeme ukikatika muda mrefu mimi nafungua kopo, yale maji nayamwaga, nasuuza sponji kwa maji ya tangi (siyo ya bomba!) ndipo nawasha. Na amonia 0.5 kwenye pH 6 siyo hatari sana lakini kwenye 7.6 ni habari nyingine, maana pH ikipanda na joto likipanda sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka ile yenye sumu. Diskasi anaishi kwenye maji ya moto kuliko samaki wengi, kwa hiyo yeye ndiye anaumia mapema. Badilisha nusu ya maji leo, kesho tena nusu, mpaka amonia isome sifuri. Maji ya bomba ya National Water yana klorini, hivyo tia thaiosalfeti ya kuiondoa au yaache kwenye pipa na pampu ya hewa usiku mzima, na yapashe kwanza. Usiku wa Kampala maji ya pipa yanakuwa baridi sana kwa diskasi, usiyamimine hivyohivyo.

Cha pili, kujisugua na kupumua upande mmoja. Hiyo ni dalili ya minyoo ya matamvua, wale wadogo ambao huwezi kuwaona kwa macho. Wageni wako wamekuja nao na sasa wanawagawia wenyeji. Dawa yake ni prazikwanteli, na bahati nzuri sisi huku ziwani tunaijua kwa sababu ndiyo ile ya kichocho, famasi utaipata. Dozi ni miligramu 2 kwa kila lita. Tangi lako likitoa mchanga na magogo tuseme maji halisi ni lita 220, basi kidonge cha miligramu 600 robo tatu yake inatosha. Rudia baada ya wiki moja, maana dawa inaua minyoo lakini mayai haiyagusi, yataanguliwa upya. Kaboni (ule mkaa wa kuchujia) itoe kwenye filta kabla, ama sivyo itainyonya dawa yote.

bodaNaSamaki

prazikwanteli haiyeyuki kwenye maji, mi nilijaribu ikakaa chini kama unga. sasa unafanyaje

mama_akwariamu_jinja

Isage iwe laini kabisa, iloweke kwenye waragi kidogo, vijiko viwili hivi, tikisa, acha, tikisa tena, halafu mimina pale maji ya filta yanapotokea. Pombe kidogo hivyo kwenye lita 220 haiwadhuru, ila ongeza hewa kwenye tangi. Na ndiyo, chupa inayobaki ni ya mwenye tangi 😄

kasese_boy

Mimi kwetu tunatumia chumvi tu na samaki wanapona. Tena chumvi ya Katwe, ya asili, haina iodini. Wekeni hiyo.

mama_akwariamu_jinja

Ssebo chumvi ya Katwe iache kwa ng'ombe na jikoni. Ile siyo chumvi tupu, ziwa la Katwe lina magadi ndani yake na salfeti, ukiitia kwenye tangi pH inapanda. Na huyu tayari ana amonia kwenye 7.6, unataka kummaliza? Chumvi ya kawaida ya dukani gramu 1 kwa lita itawasaidia kidogo na ile nitraiti na itawatuliza, sawa, lakini haiui minyoo ya matamvua kwa kiwango hicho.

Na hiyo tetrasaikilini ya kuku sahau. Hakuna kidonda, hakuna mapezi yanayooza, hakuna utando mweupe mdomoni, sasa unatibu bakteria gani? Utaua wale wa filta tu, na maji ya bomba yakiwa magumu dawa yenyewe inashikwa na kalisi haifanyi kazi.

tangi_la_ntinda

Nimeelewa. Kwa hiyo Flagyl siitumii kabisa? Na joto nipandishe mpaka 32 kama wanavyosema watu?

mama_akwariamu_jinja

Joto peleka 29 au 30 polepole, nyuzi moja kwa siku. Usiende 32 sasa hivi, maji ya moto yanashika oksijeni kidogo na wewe una samaki anayepumulia upande mmoja.

Flagyl iweke akiba. Maji yakishakuwa safi na dozi ya kwanza ya prazikwanteli ikapita, kama kupumua kumetulia lakini bado wanatema chakula na choo ni kilekile cheupe, hapo ndipo nitakubaliana na boda kwamba ni heksamita. Ukiona na vitundu vidogo kichwani karibu na macho ndiyo usisubiri. Kidonge cha miligramu 400 kwa kila lita 60 hivi, kila siku baada ya kubadilisha robo ya maji, siku 5 mpaka 7. Anayekula bado, mchanganyie kwenye moyo wa ng'ombe uliosagwa, gramu 1 ya dawa kwa gramu 100 za nyama, inafanya kazi vizuri zaidi kuliko ya kwenye maji. Na usizitie zote mbili siku moja, ukizichanganya hutajua ipi imesaidia.

bodaNaSamaki

mi huchanganya na wanapona lakini sawa

daktari_wa_mifugo_kla

Niongeze moja tu kwa kuwa mama kasema mengi. Kama dozi ya pili ikipita na bado anafunga tamvua, msibahatishe tena. Pale Makerere chuo cha mifugo wana hadubini, kiasi kidogo cha ute wa ngozi na kipande cha tamvua kinatosha kuonyesha ni minyoo au ni kitu kingine. Lakini mpeleke akiwa hai, kwenye ndoo ya maji yake mwenyewe yenye hewa. Watu wanatuletea samaki aliyekufa jana kwenye friji, vimelea vingi vimeshaharibika au vimemtoka, tunabaki kutazama nyama iliyooza.

tangi_la_ntinda

Maji nusu nimeshabadilisha, kopo nimelifungua, harufu yake jamani. Naenda famasi.