Re: Picha za ukuta wangu wanasema ni “blurred”

Mama Wawili, Leicester:
Salaam jamani. Ukuta wa chumba cha watoto umeota ukungu, mweusi tii nyuma ya kabati, mpaka godoro linanuka. Nikatuma picha saba na fomu kwa wenye nyumba. Jibu: “blurred”. Mpwa wangu akasema, “Mama mdogo, wanasema picha zina ukungu.” Nikawajibu yes, upo mwingi, hata nyuma ya kabati. Wamefunga kesi! Inafunguliwaje tena?

Mpemba wa Glasgow:
Dada, nimecheka mpaka nimekosa basi. Blurred ya picha ni mkono kutikisika, sura haishikiki. Na kilichoota ukutani ni kuvu. Ukungu ni ule wa Lushoto alfajiri.

Bwana Shifti, Reading:
Usituletee Kiswahili cha darasani. Mkate ukilala siku nne unaota nini? Bibi yangu Tanga alisema ukungu mpaka anakufa. Mimi GP, daktari wa mtaa, aliniuliza kama nina blurred vision, nikasema sina, maana macho hayaumi. Kumbe ndiyo ile namba ya basi kutawanyika kama wino uliomwagiwa maji. Nilikuwa na mtoto wa jicho. Kapimeni, ukifika 60 ni bure.

Mpemba wa Glasgow:
Huko England. Scotland ni bure umri wowote. Usipotoshe watu.

Binti Korogwe, Luton:
Meneja wangu wa kea, kazi ya kutunza wazee, aliniandikia nina “blurred boundaries” nao, yaani mipaka haionekani. Kosa langu ni kumpelekea bibi mmoja maandazi. Hapo nako ni ukungu au kuvu, enyi wataalamu?

Mama Wawili, watajie hao wenye nyumba Sheria ya Awaab. Tangu 27 Oktoba 2025 wakiripotiwa unyevu na ukungu wa hatari wana siku 10 za kazi kuchunguza, na dharura saa 24.

Bwana Shifti, Reading:
Hiyo ni ya nyumba za kijamii za England. Kama kapanga kwa mtu binafsi haimsaidii, msimpe moyo bure.

Mama Wawili, Leicester:
Ni ya kaunsili. Nimepiga picha upya, simu nimeiegemeza kwenye mtungi wa unga. Lakini kesi iliyofungwa inafunguliwaje?

Binti Korogwe, Luton:
Mpemba umenitia hamu na Lushoto yako. Nani anakwenda Desemba? Nina oda ya plamu.